Ulikuwa wapi? Sumu ya Vietnam na uzito wa kuonyesha fasi

Kwa zaidi ya miaka 30, askari wa zamani wa Marekani waliofanya vita ya Vietnam wamekuwa wakiomba malipo juu ya magonjwa yaliyoletwa na dawa za kuua majani. Wengi hawakuangushwa na ulizo la ugonjwa. Waliangushwa na hili: ile wakati ulikuwa wapi, na karatasi gani inaonyesha? Ulizo hilo linajulikana pia Ituri, Kivu na Kisangani, fasi watu wangali wanangojea fidia ya vita.

Muzee na meli yake

Fikiria muzee mumoja wa Marekani, umri wake karibu miaka 77. Katika 1968 alikuwa kijana wa jeshi la majini, fundi wa mashini ndani ya meli ya vita iliyotembea miezi mingi kando ya Vietnam. Kisha miaka mingi akapata ugonjwa wa sukari, halafu kansere ya prostate. Muganga wake anamwambia kwamba magonjwa yote mawili iko kwenye liste ambayo serikali ya Marekani yenyewe inakubali kuwa yanafungana na dawa iliyoitwa Agent Orange. Muzee anaandika ombi, anatia karatasi za muganga, anangoja. Jibu linarudi: ombi limekataliwa. Hakuna alama inayoonyesha kama mugulu wake ulikanyaga udongo wa Vietnam.

Muzee huyu ni mufano tu. Lakini majibu ya namna ile yalitumwa kwa watu wengi wa kweli kati ya 2002 na 2019. Ili kuelewa namna mambo yalifika pale, lazima kurudi kwanza kwenye dawa yenyewe.

Kuanzia 1962 mpaka 1971, ndege za jeshi la Marekani zilimwanga dawa juu ya misitu na mashamba ya kusini mwa Vietnam. Kazi hiyo iliitwa Ranch Hand. Makusudi yalikuwa mawili: kuangusha majani ya miti ili adui akose fasi ya kujificha, na kuharibu mavuno yaliyoweza kumulisha. Kwa jumla ilimwangwa zaidi ya litre milioni 70. Zaidi ya nusu ilikuwa aina moja, Agent Orange, jina lililotoka kwenye musitari wa rangi ya machungwa uliopakwa juu ya mapipa yake.

Ndani ya mapipa yale mulikuwa pia dioksini. Hakuna aliyeitia kwa kusudi. Ilizaliwa kwenye viwanda wakati wa kutengeneza dawa. Dioksini haiishi mbio. Inakaa miaka mingi ndani ya matope, ndani ya samaki, ndani ya mafuta ya mwili wa mutu. Na magonjwa yake hayaji kesho yake. Yanakuja kisha miaka 10, 20, hata 40. Shida yote inaanzia hapo: wakati mutu anagonjwa, kikosi chake kilikwisha kuvunjwa, rafiki zake wamekufa, na karatasi zake hajulikani ziko wapi.

Vitu vitatu ambavyo askari anaombwa

Wizara ya Marekani inayoshugulikia askari wa zamani, inayojulikana kwa herufi VA, inaomba vitu vitatu kwa kila mutu anayedai malipo ya ulemavu. Cha kwanza ni ugonjwa wa leo, ulioandikwa na muganga. Cha pili ni jambo lililomupata wakati alikuwa jeshini. Cha tatu ni kamba inayofunga hivi viwili: kuonyesha kwamba ugonjwa wa leo unatokana na jambo lile la zamani.

Kwa mutu aliyevunjika mukono ndani ya kambi, hiyo si kazi ngumu. Kwa mutu aliyevuta dawa ndani ya upepo ao kunywa maji yenye sumu, ni karibu haiwezekani. Nani alipima damu ya kijana wa miaka 20 mwaka 1967? Nani aliandika kama asubui fulani upepo uligeuka ukaleta dawa mupaka kwenye hema lake? Hakuna mutu. Na hata leo muganga hawezi kuangalia kansere moja na kusema: hii ilitoka kwenye pipa lile.

Ndiyo maana katika 1991 bunge la Marekani lilipiga kura juu ya sheria ya Agent Orange. Sheria ile iligeuza muzigo. Kama askari alitumika Vietnam kati ya tarehe 9 mwezi wa kwanza 1962 na tarehe 7 mwezi wa tano 1975, na kama ana ugonjwa ulio kwenye liste, basi inakubaliwa mbele kwamba alikutana na sumu, na kwamba sumu njo ilileta ugonjwa. Haombwe kuonyesha siku, wala pipa, wala ndege. Kama serikali inapinga, ni serikali inayopashwa kuleta alama ya kinyume.

Ilikuwa mageuzi makubwa. Liste nayo iliendelea kurefuka: kansere za namna mbalimbali, ugonjwa wa sukari, ugonjwa wa Parkinson, magonjwa ya mishipa ya moyo. Lakini uzito wote ukabaki juu ya neno moja: kutumika Vietnam. Toka siku ile, ulizo la sumu likawa ulizo la ramani. Vietnam inaanzia wapi, na inaishia wapi?

Mito ndiyo, bahari hapana

Kwa askari wa inchi kavu, jibu lilikuwa rahisi. Kwa wale wa mashua ndogo za vita zilizopanda mito ya ndani, vilevile. Mufano unaojulikana sana ni wa jamaa ya Zumwalt. Amirali Elmo Zumwalt ndiye aliyeongoza jeshi la majini la Marekani ndani ya Vietnam kuanzia 1968. Aliomba dawa imwangwe kandokando ya mito, ili askari wake wasipigwe risasi na watu waliojificha ndani ya majani. Mutoto wake mwanaume, aliyeitwa pia Elmo, alikuwa ofisa kwenye mashua ya mito ile. Alikufa na kansere katika 1988, akiwa na miaka 42. Baba yake alisema kwamba aliamini sumu ile njo ilimuua mutoto wake, na miaka iliyobaki alipigania haki za askari wagonjwa.

Lakini wale wa meli kubwa, waliobaki baharini wakipiga mizinga, wakipokea ndege ao kubeba risasi? Miaka ya kwanza, VA ilikubali medali ya vita ya Vietnam kuwa alama ya kutosha. Katika 2002 ikafunga mulango ule. Tangu hapo askari wa majini alipashwa kuonyesha kwamba alishuka kwenye udongo, hata siku moja, ao kwamba meli yake iliingia ndani ya muto. Medali haikutosha tena, kwa sababu ilitolewa pia kwa watu ambao hawakushuka.

Askari mumoja, Jonathan Haas, alipeleka mambo mbele ya korti. Alikuwa ametumika kwenye Mount Katmai, meli ya kubeba risasi, na alisema kwamba mawingu ya dawa yalipeperushwa na upepo mupaka juu ya meli. Katika 2008 korti ya rufaa iliyo Washington ilimushinda. Waamuzi walisema kwamba VA ina haki ya kusoma sheria namna ile.

Askari wa bahari walikuwa na neno lingine la kusema. Meli hazikubeba maji matamu ya kutosha. Mashini zilivuta maji ya bahari, zikayapika na kuyageuza kuwa ya kunywa na ya kuoga. Katika 2002 watafiti wa Australia walionyesha ndani ya laboratoire kwamba mashini za namna ile haziondoe dioksini. Zinaikusanya ndani ya maji safi. Upande wa Marekani, wataalamu waliochunguza ulizo lile katika 2011 walisema kwamba hakuna vipimo vya wakati ule vya kutosha kukata neno, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Kwa VA, hiyo ilikuwa sababu ya kuendelea kukataa. Kwa wagonjwa, ilikuwa sawa na kumunyima mutu haki kwa sababu serikali haikupima maji.

Musitari ulivunjika tarehe 29 mwezi wa kwanza 2019. Alfred Procopio alikuwa ametumika kwenye Intrepid, meli ya kubeba ndege, katika 1966. Korti ileile ya rufaa, waamuzi 9 kwa 2, ilisema kwamba sheria ya 1991 inataja Jamuhuri ya Vietnam, na kwamba inchi inaenda pamoja na bahari yake ya kando, mupaka mile 12 za bahari, karibu kilometre 22. Mutu wa Goma, Kalemie ao Uvira anaelewa bila kuwa avoka: ziwa upande wa Congo ni Congo. Ilihitaji miaka 17 ili askari wa majini wa Marekani wasikie neno hilo.

Mwaka uleule bunge liliandika musitari wa mile 12 ndani ya sheria mupya. Kwenye nyumba ya wajumbe kura zilikuwa 410 kwa 0. Mwaka mumoja mbele yake, VA ilikuwa ingali inapinga, ikisema kwamba sayansi haionyeshi na garama ni kubwa. VA yenyewe ilihesabu kwamba kati ya watu 420,000 na 560,000 wanaweza kuguswa.

Lupango ya kambi kule Thailand

Thailand inaonyesha shida hii vizuri zaidi. Ndege nyingi zilizopiga mabomu Vietnam na Laos zilitoka kwenye kambi za Thailand: Udorn, Ubon, Korat, Takhli, U-Tapao, Nakhon Phanom. Majani yaliyoota kwenye lupango ya kambi yaliuawa kwa dawa, ili walinzi waone mbali. Ripoti ya jeshi la anga ya 1973 juu ya ulinzi wa kambi zile inataja kazi hiyo. Lakini kwa muda mrefu ripoti ile ilikuwa ya siri. Ilipofunguliwa, VA ilikubali, kwa sharti: mutu aonyeshe kwamba kazi yake ilimuweka kando ya lupango.

Polisi wa jeshi na walinzi wenye imbwa walipita, kwa sababu jina la kazi yao lilitosha. Wengine walibaki na mateso. Mupishi aliyelala mita chache kutoka kwenye waya hakuwa na karatasi ya kusema alilala pale. Fundi wa ndege aliyevuka lupango kila siku hakuandikiwa. Watu wakaanza kutafuta ramani za zamani za kambi, kupima kwa rula umbali kati ya nyumba ya kulala na waya, kutafuta picha ambamo waya unaonekana nyuma ya kikosi kinachokunywa bia. Malipo ya mugonjwa wa kansere yaliweza kutegemea picha ya siku ya furaha.

Karatasi iko kwa nani?

Askari anapoondoka jeshini anapewa karatasi moja, yenye namba DD 214. Inaonyesha tarehe ya kuingia na kutoka, cheo, medali, kazi. Mara nyingi haionyeshi fasi alipofika. Mutu aliyetumwa siku 2 Saigon kutengeneza radio, ao aliyeshuka kwenye uwanja wa ndege saa chache akielekea Thailand, anaweza kuwa na dosie nzima ambamo neno Vietnam halionekani.

Kwa hiyo lazima kutafuta fasi ingine. Daftari la safari la meli linaandika fasi meli ilipo asubui, saa sita na mangaribi. Daftari la kikosi linaandika harakati za kila siku. Kuna amri za safari, karatasi za hospitali ya kambi, barua zenye tarehe zilizotumwa kwa mama ao muchumba, picha zenye maandiko nyuma. Kuna pia ushuhuda wa rafiki wa kikosi, anayeandika na kutia sahihi: nilikuwa naye, tulishuka pamoja.

Hata karatasi zilizo na serikali hazikubaki zote. Tarehe 12 mwezi wa saba 1973, moto uliunguza jengo la arshive za jeshi karibu na St. Louis. Dosie kati ya milioni 16 na 18 zilipotea, wingi wao za wanajeshi waliotoka jeshini mbele ya vita ya Vietnam. Kwa watu wale, ulizo la "onyesha ulikuwa wapi" lilijibiwa na majivu. Na kwa wale wa vita ya siri ya Laos, shida haikuwa moto. Jeshi lenyewe halikutaka iandikwe kwamba walikuwa pale.

Sheria ya Marekani ina dawa mbili kwa shida hii. Ya kwanza, VA inapashwa kumusaidia mutu kutafuta alama, si kukaa tu na kungoja alete. Ya pili, kama alama za kukubali na za kukataa zinalingana uzito, askari ndiye anashinda. Kwenye kitabu ni vizuri. Lakini mizani hailingani kama upande mumoja uko na muzee na kumbukumbu yake, na upande mwingine uko na dosie isiyosema kitu. Mara nyingi ukimya wa dosie ulisomwa kama jibu: haikuandikwa, basi haikutokea.

Na kama muzee anakufa mbele ya jibu, muzigo unaangukia mujane wake. Anayo haki ya kuomba malipo, lakini sasa ni yeye anayetafuta rafiki za kikosi ambao hakuwajua, katika inchi ambayo hakufika, juu ya vita ambayo mara nyingi bwana yake alikataa kuizungumuza nyumbani.

Kisha sheria ya 2019, kazi ile iligeuka. Arshive za taifa na VA walipitisha mamilioni ya kurasa za madaftari ya meli kwenye komputa. Leo mutu anaweza kutaja jina la meli na tarehe, na ofisa anaangalia kama ilikuwa ndani ya mile 12. Karatasi zile zilikuwa pale miaka yote. Kilichokosa ni nani anapashwa kuzifungua.

Musitari mupya, na wanaobaki inje

Tarehe 10 mwezi wa munane 2022, raisi Joe Biden alitia sahihi sheria inayoitwa PACT. Ilipanua ramani. Thailand, kambi yoyote ya Marekani ao ya Thailand, kati ya 1962 na 1976, bila kujali kazi wala umbali na lupango. Laos, kati ya 1965 na 1969. Guam na Samoa ya Marekani na maji yao, mupaka 1980. Kisiwa cha Johnston, fasi mapipa yaliyobaki yalichungwa kuanzia 1972. Ndani ya Cambodia, ni paka Mimot na Krek, na kwa siku 15 tu za mwezi wa ine 1969. Presha ya damu nayo ikaongezwa kwenye liste ya magonjwa.

Ni hatua kubwa, na wazee wengi walilipwa. Lakini kila musitari unaacha mutu inje. Askari wa zamani waliotumika Okinawa, kisiwa cha Japani, wamesema miaka mingi kwamba waliona mapipa na waliyashika kwa mikono. Wizara ya ulinzi inasema haina karatasi zinazoonyesha hivyo, na Okinawa haiko kwenye ramani. Katika 2018 ofisi ya bunge inayokagua matumizi ya serikali iliandika kwamba liste ya wizara ya ulinzi juu ya fasi ambako dawa zilijaribiwa na kuchungwa ina makosa na haikukamilika. Ni vigumu kumuomba mutu alete karatasi kama mwenye arshive hajui vizuri arshive yake.

Wanaotetea musitari wanasema kwamba feza ni za mulipa kodi, na bila mupaka kila mutu aliyevaa uniforme angeomba. Hiyo si hoja ya bure. Ugonjwa wa sukari na kansere ya prostate zinawapata pia wazee ambao hawakuona Vietnam. Lakini bunge lilichagua: ni afazali kulipa wamoja ambao ugonjwa wao ulitoka fasi ingine, kuliko kuwanyima maelfu kwa sababu ya karatasi ambayo haikuandikwa.

Uchaguzi ule uliwagusa paka watu wa jeshi la Marekani. Wanakijiji wa Vietnam waliolala chini ya ndege hawakuingia ndani yake. Watafiti waliotumia madaftari ya jeshi juu ya safari za ndege walihesabu katika 2003 kwamba kati ya watu milioni 2.1 na milioni 4.8 waliishi kwenye vijiji vilivyomwangiwa dawa. Hapo fasi inajulikana, siku inajulikana, ndege inajulikana. Lakini katika 2005 korti ya New York ilikataa mashitaka ya Wavietnam juu ya makampuni yaliyotengeneza dawa. Katika Ufaransa, Tran To Nga, mama mwenye asili ya Vietnam, alishindwa tena mbele ya korti ya rufaa ya Paris mwezi wa munane 2024. Korti ilisema kwamba makampuni yalifanya kazi kwa amri ya serikali ya Marekani na yana kinga yake. Mutu anaweza kuwa na alama zote za fasi, na bado mulango ukafungwa kwa sababu ingine.

Na kwetu: Ituri na fasi ingine

Kwa wakaaji wa mashariki ya Congo, mambo haya hayako mbali. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022, korti ya kimataifa ya La Haye iliamua Uganda ilipe Congo dola milioni 325 juu ya vita ya 1998 mupaka 2003. Congo ilikuwa imeomba zaidi ya dola miliari 11. Kati ya milioni zile 325, milioni 225 ni kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa utajiri wa inchi.

Sababu moja kubwa ya tofauti ile ni alama. Congo ilisema raia 180,000 walikufa kwa sababu ya Uganda. Korti iliona kwamba fishi za wahanga na ripoti zilizoletwa hazitoshi kufikia hesabu ile, ikakadiria kati ya 10,000 na 15,000. Ilikubali kwamba vita inaharibu karatasi na kwamba haifai kuomba alama kama wakati wa amani, kwa hiyo ilikata feza kwa jumla. Lakini ilikata chini.

Ndani ya uamuzi uleule muna jambo ambalo wengi hawakusikia. Kwa Ituri, fasi Uganda ilikuwa imeshika inchi, korti iligeuza muzigo: ni Uganda iliyopashwa kuonyesha kwamba mabaya fulani hayakutokana na uzembe wake. Kwa fasi zingine, pamoja na Kisangani, muzigo ulibaki juu ya Congo. Ni musitari wa ramani, kama mile 12 za Vietnam, kama lupango ya Thailand. Mutu wa Bunia na mutu wa Kisangani wanaweza kuwa na kilio kimoja, lakini mbele ya sheria hawakuombwa kitu kimoja.

Leo feza zile zinapita kwenye FRIVAO, mufuko uliowekwa Kisangani kwa ajili ya wahanga wa vita ya Uganda. Kwa wahanga wa vita zingine kuna FONAREV, uliotokana na sheria ya mwezi wa kumi na mbili 2022. Kokote mutu anapoenda, anakutana na ulizo lile la muzee wa meli: ulikuwa wapi siku ile, na nani anaweza kuhakikisha?

Vitu vya kuchunga toka leo

Hakuna aliyejua katika 1968 kwamba daftari la meli lingekuwa dawa ya mugonjwa wa 2019. Vilevile, mutu aliyekimbia kijiji chake mwaka huu hajui ni korti gani ao mufuko gani utamuuliza kisha miaka 20. Lakini mambo ya Vietnam yanaonyesha ni karatasi gani zinasimama.

Karatasi iliyoandikwa karibu na siku ya tukio ina uzito kuliko ile ya kisha miaka. Fishi ya santre ya afya yenye tarehe na jina la kijiji, karte ya mukimbizi wa ndani, jeto ya kugawa chakula, buletini ya shule ya mutoto inayoonyesha jamaa iliishi wapi mwaka ule: hata kama inaonekana ya bure, ichungwe. Picha ibaki na tarehe na jina la fasi nyuma, ao kwenye telefone na kopi kwa mutu mwingine. Atestasio ya shefu wa lokalite ao wa kartie iombwe wakati shefu aliyeona angali hai na angali kwenye kazi. Ushuhuda wa majirani 2 ao 3 uandikwe kila mumoja peke yake, na sahihi ao alama ya kidole. Na kopi zisikae zote ndani ya nyumba moja, kwa sababu nyumba inaungua, kama vile arshive za St. Louis.

Lakini haifai somo libaki tu juu ya muhanga. Kule Marekani, mambo hayakugeuka kwa sababu wazee walipata karatasi nzuri zaidi. Yaligeuka siku korti na bunge walikubali kwamba mwenye arshive, aliyetuma watu na aliyemwanga dawa, hawezi kukaa kimya na kumuambia mugonjwa: lete alama. Ndani ya Congo, madaftari ya vikosi, ripoti za hospitali na za maofisi ya mitaa, liste za kambi za wakimbizi, zote ziko mikononi mwa watu fulani. Kabla ya kumuuliza mama wa Bogoro ao wa Makobola alikuwa wapi, wenye mifuko ya fidia wangeweza kuanza kwa kufungua karatasi zilizo kwao.

Alfred Procopio aliomba malipo yake mara ya kwanza katika 2006. Alipewa haki katika 2019. Kati ya miaka ile miwili, wengi waliokuwa naye baharini walizikwa na ombi lililokataliwa ndani ya saduku.